Kenchi za Kuagiza na Mkataba Wake

Nyumba za mawe za mababu zetu wa Lamu zilifuata boriti: mkoko haukutoa gogo refu la kubeba dari, na kwa hivyo chumba hakikuzidi upana wa kiasi cha mita 3. Huko Meru na Embu, ambako baadhi ya jamaa zetu wanajenga, fundi amezoea kupiga kenchi juu ya ukuta kwa mbao za saiprasi na mgrevilia. Serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu yake Februari 2018, mbao zilipanda bei.

Badala yake zipo kenchi za chuma chepesi ziundwazo karakanani. Chuma hupakwa zinki, hukatwa kwa vipimo, huunganishwa kwa skrubu, kisha hupandishwa. Mchwa hawakili. Walakini hakisamehe: ubao fundi huupunguza kwa msumeno papo hapo, ilhali kenchi iliyokwisha kufungwa haikubali ukuta uliopinda. Vipimo na vichukuliwe ukutani baada ya lenta kukauka, si kwenye ramani peke yake.

Mkataba nao hupuuzwa mno. Mwanunua kitu ambacho bado hakijakuwapo. Madhehebu yetu ya Shafi hukihesabu kuwa salam, bei yote ikatolewa pale pale. Wahanafi wameruhusu istisnaa, yaani kuagiza kitu kiundwe. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jidda mwaka 1992 liliafiki istisnaa, hata kwa malipo ya awamu, kwa sharti kwamba aina, sifa, idadi na muda vibainishwe.

Basi mama anayejenga Maua au Runyenjes aandikiwe unene wa chuma, nafasi baina ya kenchi, siku ya kufikishwa, faini ya kuchelewa, na nani atakayelipa kenchi zikikataa ukuta.