Kabla ya kutoa zawadi ya mbio za baiskeli, uliza kama barabara imefungwa

BUSIA – Mpaka huu ndio ulioipa Afrika Mashariki neno boda boda. Tangu miaka ya 1960, wenye baiskeli walibeba abiria na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, huku wakiita “boda, boda” kuwavuta wasafiri. Leo pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini ile baiskeli nzito ya chuma, maarufu kama Black Mamba, bado inavusha mahindi, ndizi na magunia ya nguo.

Si ajabu basi kwamba sikukuu zikifika, vijana wa baiskeli hizo hizo hushindana. Pande zote mbili za mpaka, mbio za aina hii hupendwa na huvuta umati. Zawadi hutolewa na wanasiasa, makampuni na wenye maduka. Mfanyabiashara wa Busia au Tororo anayeombwa mchango ana haki ya kuuliza swali moja kwanza: je, barabara itafungwa?

Swali hilo lina uzito wake hapa. Busia na Malaba ndizo njia kuu za malori yanayotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala, Kigali na mashariki mwa Kongo. Matrela hupanga foleni kandoni, pikipiki hupenya katikati, na matuta hutokea ghafla. Mshindani aliyeinamisha kichwa hana nafasi ya kukwepa mlango wa gari unaofunguliwa.

Hata barabara isiyo na lori haisamehi. Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka kwa kasi katika mbio za barabara ya changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 33. Ikiwa mtu mwenye ujuzi kama wake aliweza kupoteza maisha hivyo, kijana wa sokoni hawezi kutegemea ushujaa peke yake.

Baiskeli yenyewe ni jambo la pili. Ya mashindano ya kimataifa hairuhusiwi kupungua kilo 6.8, Black Mamba huwa nzito mara tatu hivi, na uzito huo huongeza nguvu ya mwendo kwenye mteremko. Ringi zake ni za chuma, na breki za mpira hushika vibaya zikilowa. Eneo hili karibu na Ziwa Victoria hupata mvua nyingi alasiri, kwa hiyo mbio zianze asubuhi. Kabla ya kuanza, fundi akague breki, cheni na tairi za kila mshindani, na keria iliyolegea ifungwe au itolewe.

Helmeti nayo si mapambo. Wataalamu wa Ulaya wenyewe waliikataa kwa miaka mingi, hadi Andrey Kivilev wa Kazakhstan alipofariki baada ya kuanguka katika mbio za Paris–Nice mwaka 2003. Mwaka huo huo ikawa lazima. Asiyekuwa nayo aazimwe, la sivyo asiruhusiwe kuanza.

Njia nayo ichaguliwe kwa akili. Mzunguko mfupi unaorudiwa ni rahisi kulinda kuliko safari ndefu kutoka mji hadi mji: watu wachache wenye bendera wanatosha kwenye kona na makutano. Washindani wapite njia hiyo polepole siku moja kabla, waone mashimo na mchanga ulipo. Mstari wa mwisho usiwekwe kwenye mteremko wala karibu na soko.

Halafu kuna suala la mpaka. Kijana wa Tororo akivunjika mguu upande wa Kenya, nani atamlipia? Waandaaji waamue mapema gari litakalombeba majeruhi, kama atapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia au Hospitali Kuu ya Tororo, na fungu la kulipia matibabu. Kwa kijana huyo, mguu uliovunjika ni miezi bila mapato, na kwa mfanyabiashara aliyemtegemea, ni mzigo usiovuka.

Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Jiji lilifunga barabara kadhaa, na shule zikafungwa wiki nzima. Busia haihitaji wiki nzima. Inahitaji saa mbili za Jumapili asubuhi, kibali cha polisi, na mfadhili asiyetoa fedha zake hadi akione kibali hicho.