Ngozi Yetu Nayo Isomwe Ipasavyo

Muuguzi alipokibana kidole cha mama yangu kwa kifaa chenye taa nyekundu, mama aliniuliza: "Mwanangu, kimeijuaje damu yangu bila sindano?"

Nilimjibu kwamba Mjapani Takuo Aoyagi alibuni mbinu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970: damu yenye oksijeni hufyonza mwanga tofauti na isiyo nayo.

Sikumwambia kwamba utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulibaini kuwa kifaa hicho kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi takriban mara tatu zaidi kuliko kwa weupe.

Sisi wanaisimu twajua kwamba ishara haifasiriki nje ya muktadha wake. Ngozi nayo ni muktadha. Hivyo basi, wanaotununulia vifaa na wadai kwanza ithibati kwamba vilijaribiwa kwa watu weusi. Nao wauguzi wamsikilize mgonjwa anayetweta kabla ya kuiamini tarakimu.