Je, Wajua? Chini ya Nyayo za Paka Mzee wa Rongai

Je, wajua kwamba paka wa miaka 15 anayeota jua kwenye kibaraza chako pale Rongai ni rika la ajuza wa miaka 76? Mwaka wa kwanza wa paka huhesabiwa kama 15 ya binadamu, wa pili huongeza 9, na kila mwaka unaofuata huongeza 4. Mpigie wako hesabu sasa hivi, nakungoja.

Na aliyevunja rekodi ya kuishi je? Creme Puff, paka wa Austin kule Texas, alizaliwa 1967 akafa 2005, akiwa na miaka 38 na siku 3. Alizaliwa kabla binadamu hajakanyaga mwezi, akafa watu wakiwa na simu za mkononi!

Sasa sogea karibu, maana uhondo wenyewe uko hapa. Paka 100 waliopita umri wa miaka 12 walipigwa picha za eksirei katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002. Unajua wangapi walikutwa na viungo vilivyolika? 90! Paka 90 kati ya 100, ilhali wengi wao hakuna aliyewahi kuwashuku, kwa sababu paka ni bingwa wa kuficha maumivu.

Kwa hiyo bibi yako wa manyoya akianza kukojoa kando ya choo chake, pale pale sentimita 10 kutoka ukingoni, usimwite mjeuri. Amekuja hadi mlangoni mwa msala. Kilichomshinda ni kuingia, au kusimama juu ya kilichomo ndani.

Kwani paka hutembeaje? Hutembea kwa vidole, kisigino hakigusi chini! Anavyo 18, vitano kwa kila mguu wa mbele na vinne kwa kila mguu wa nyuma, na uzito wake wote unatua kwenye vifuto vile laini vya nyayoni, vya waridi au vyeusi. Hebu vua viatu, panda rundo la kokoto kwenye ploti ya jirani anayejenga, usimame kwa ncha za vidole huku goti likikuuma. Ndivyo paka mwenye yabisi ya viungo anavyohisi juu ya mchanga wa chooni wenye chembe kubwa, au juu ya vile vijipande vigumu vya mbao iliyoshindiliwa.

Watafiti waliowapa paka aina tofauti za mchanga wachague wenyewe wamekuta jambo moja mara kwa mara: wengi huenda penye chembe laini, ndogo kama za mchanga wa ufukweni. Unajua ladha hiyo wameitoa wapi? Shika kiti! Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani, wa Kitengela na wa London, wametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Karibu. Babu huyo bado yuko, na hata nyanda za Kajiado anazizunguka usiku. Nchi kavu na mchanga mwembamba ndiyo asili yake.

Ukavu huo ameubeba hadi kwenye figo. Mwaka 1959 wanasayansi walionyesha kwamba paka anaweza kuishi kwa kunywa maji ya bahari! Wewe na mimi tungekufa kwa kiu. Figo zake hubana maji mpaka tone la mwisho, na ndiyo maana mkojo wake unanuka vile.

Paka hao walianza kukaa na watu lini? Huko Cyprus wachimbuzi walikuta kaburi la mtu aliyezikwa na paka wake, umbali wa sentimita 40 tu, miaka 9,500 iliyopita. Mafarao bado hawakuwa wamezaliwa!

Na simba je, ndugu mkubwa wa familia? Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa 1946, iko ng'ambo tu ya mto Mbagathi ukiwa Rongai. Humo simba hujisaidia wazi na wala hahangaiki kufukia. Nyanya yako wa sebuleni anamshinda simba kwa usafi!

Je, wajua kwamba mchanga wa paka wa dukani ni mdogo kwa umri kuliko hifadhi hiyo? Hadi 1947 Wamarekani waliwawekea paka majivu, udongo au mchanga wa kawaida. Mwaka huo jirani mmoja wa Edward Lowe, huko Michigan, alichoshwa na nyayo za majivu zilizotapakaa nyumbani, akaja kuomba mchanga. Lowe akampa chembe za udongo mkavu wa mfinyanzi aliokuwa akiuuza ili kufyonza mafuta karakanani. Jirani akarudi kutaka mwingine! Lowe akajaza mifuko 10 ya ratili 5, akaiuza kwa senti 65 kila mmoja, wakati mchanga wa kawaida ulikuwa karibu bure. Alipouza kampuni yake mwaka 1990 alilipwa takriban dola milioni 200.

Ule unaogandamana ukilowa, ukautoa kama donge, ulikuja 1984. Mwanabiokemia Thomas Nelson aliutengeneza kwa udongo uitwao bentonaiti, ambao hunywa maji na kufura, aina yake bora ikifikia hata mara 15 ya ujazo wake wa mwanzo. Ole wako uumwage chooni! Utafura ndani ya bomba, na gari la kunyonya maji taka litakuja kukutoza pesa ya bure.

Tulia sasa, mkazi wa Kitengela, hii ni yako. Ule udongo mweusi unaokunasa gari msimu wa mvua na kupasuka nyufa za kutosha mkono wako wakati wa kiangazi, umejaa madini ya jamii ile ile inayofanya bentonaiti ifure! Unachokilaani Aprili ukitoa buti matopeni ni ndugu wa damu wa kile kinachofungwa kwenye mifuko na kuuzwa kwa kilo. Ila usiuchote ukamwekee paka: udongo wa nje unaweza kuwa na mayai ya minyoo, na ukilowa huwa gundi nyayoni mwake.

Kajiado haijamaliza maajabu. Bonde la Amboseli, huku kwetu na upande wa pili wa mpaka kule Sinya, Tanzania, lina jiwe jeupe liitwalo sepiolaiti. Lina vitundu vingi vidogo hata kipande kikavu huelea majini! Zamani lilichongwa viko vya kuvutia tumbaku. Na Hispania, inayoongoza duniani kwa kulichimba, huliuza kwa wingi kama nini? Mchanga wa paka!

Ukipanda matatu ya Rongai usishuke, songa mbele na barabara ya Magadi. Utapita Kiserian, kisha Olorgesailie penye shoka za mawe za karibu miaka milioni moja, zikiwa katika matabaka meupe ya diatomaiti. Hayo ni maganda ya viumbe vidogo vya ziwa lililokauka, na katika nchi nyingine diatomaiti nayo huwekwa kwenye vyoo vya paka. Mwisho wa lami ni ziwa Magadi, lililochimbwa kibiashara tangu 1911. Magadi yake ni jamii moja na soda ya kuokea, ile ambayo kijiko chake kimoja chini ya mchanga hupunguza harufu. Soda ya kuokea, nimesema! Magadi mabichi ni makali, yatamchoma vifuto.

Haya, na huyo paka mzee utamhamishaje kwenye mchanga laini? Wajua kwamba pua yake inakadiriwa kunusa mara 14 zaidi ya yako? Ukimwaga mchanga wote wa zamani leo na kuweka mpya unaonukia maua, umemhamishia mtaa asioujua usiku wa manane. Chukua usio na manukato kabisa. Changanya robo mpya na robo tatu ya aliouzoea, kaa nao siku tatu au nne, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu mpya. Ndani ya wiki mbili wengi huwa wameshahama bila kujua kwamba wamehamishwa.

Ana ubishi? Weka vyoo viwili bega kwa bega, kimoja cha zamani na kimoja laini, umwache apige kura kwa miguu. Utastaajabu jinsi matokeo yanavyokuja upesi! Na siku ya kusafisha usioshe kila kitu mpaka king'ae. Bakiza ukufi mmoja wa ule wenye harufu yake. Akigoma, rudi hatua moja, usimchape wala usimsugue pua sakafuni. Paka aliyetishwa chooni hutafuta choo kingine, na hicho kitakuwa kitanda chako.

Kina cha mchanga? Sentimita 5 zinatosha, maana ukijaza sana anazama na viungo vinamuuma zaidi. Urefu wa choo uwe mara moja na nusu ya mwili wake, kutoka pua hadi shina la mkia. Vyoo vingi vya dukani havifiki hapo! Nunua sanduku kubwa la plastiki la kuwekea nguo, ukate upande mmoja ubaki na kizingiti kifupi kuliko kidole chako cha shahada, kisha ukingo uliokatwa uuzungushie utepe mzito usimkwaruze. Chini tandika gunia au mkeka wa mpira, kwa sababu vigae vya fleti za Rongai vinateleza. Julai, upepo wa Ngong ukivuma na viungo vikikakamaa, kisogeze choo hicho karibu na anapolala.

Idadi nayo ina kanuni ya madaktari: vyoo viwe sawa na idadi ya paka, ongeza kimoja. Paka 1, vyoo 2. Nyumba ya ghorofa? Kimoja kila ghorofa, ngazi ni mlima kwa mwenye magoti mabovu.

Huna pesa ya mchanga wa dukani? Fundi seremala ana unga wa mbao, na malori ya mchanga wa mito ya Kajiado yanapita kila siku. Chekecha mchanga wa mto mpaka changarawe zote zibaki juu, uoshe, uuanike juani mpaka ukauke. Haugandi, kwa hiyo utaubadilisha mara kwa mara, lakini miguu ya mzee itakubali.

Sikia hili na ulishike: kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka! Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Anayeumwa viungo apelekwe kwa daktari wa mifugo. Tangu 2022 Marekani imeidhinisha sindano ya paka wenye yabisi, moja tu kwa mwezi. Na dume anayekwenda chooni tena na tena bila kutoa tone, huyo ni wa kukimbizwa saa hiyo hiyo. Njia ikiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu.

Mama mjamzito, umewahi kuambiwa ukae mbali na choo cha paka? Mayai ya kimelea cha tokisoplasma huhitaji kati ya siku 1 na 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Mtu mwingine nyumbani akichota kinyesi kila siku, anakiwahi kabla hakijawa na nguvu!

Na ukiosha palipokojolewa, klorini ya kufulia iache kabatini. Ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu, yako na ya paka. Maji na sabuni, kisha siki, basi.

Hujui alikojoa wapi, harufu tu ndiyo inakusumbua? Azima ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka humulikia noti bandia, uzime stima, uimulike sakafu. Mkojo wa paka uliokauka hung'aa rangi ya kijani-manjano! Anzia nyuma ya kochi.