Gari ya baba: freni kwanza, rangi mwisho

Siku tuliyotoa gari ya baba barabarani kwa mara ya kwanza, watoto wa Makobola walikimbia nyuma yake wakipiga kelele. Ilikuwa Peugeot 504 yenye rangi nyeupe mpya, inang'aa sawa sahani ya arusi. Nusu saa baadaye ilikuwa imelaza pua ndani ya mchanga, kando ya mteremko mmoja wa barabara ya taifa namba 5, na sisi ndugu watatu tumekaa chini bila sauti. Mguu ulikanyaga pedali ya freni, pedali ikaenda mpaka chini kama mtu anayekanyaga ugali. Kama mahali pa ule mchanga pangekuwa na mama anayebeba mihogo, leo tungekuwa tunaandika habari ingine.

Hakuna aliyeumia. Lakini aibu ilitushika, juu kosa letu ni kosa ambalo kila mchimbaji angelijua palepale. Tuliweka rangi mbele ya kuweka freni. Ni sawa na mtu anayefuata mshipa wa dhahabu ndani ya shimo mbele ya kupanga miti ya kushika udongo. Dhahabu anaiona, ni kweli. Kutoka nayo ndiyo kazi.

Chini ya mwembe

Baba alichimba dhahabu kwenye milima ya Fizi miaka ile nyuma ya 1982, wakati serikali ya Zaire iliruhusu raia wachimbe na kuuza wenyewe. Makuta yake ya kwanza ya maana alinunua gari ya okazyo, Bujumbura. Gari ile ilibeba maharusi, ilibeba wagonjwa, ilibeba maiti. Kila mtu wa mtaa alikuwa na siku moja ndani yake.

Vita ya 1996 ilipofika, tulivuka ziwa na mtumbwi, tukaishi Tanzania, kambi ya Nyarugusu. Gari ikabaki chini ya mwembe. Tuliporudi, viti hakuna, magurudumu hakuna, batri hakuna, na kuku walikuwa wanataga mahali pa moteri. Makobola ilipoteza vikubwa kuliko gari. Kila nyumba hapa inajua mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, hatuna haja ya kuirudilia.

Baba alipokufa, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani yake. Tulikuwa tayari kukubali. Mama akatoka jikoni, akatuangalia mmoja mmoja. "Watoto wangu, kitu kimoja cha baba yenu bado kinasimama, na munataka kukipima kwa kilo?" Mnunuzi alifunga mizani yake akaenda.

504 ni taksi tu?

Wengine watacheka: 504 ni gari ya familia, ni taksi, si gari ya sport. Tuwakumbushe habari za mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara zao zilikuwa kama zetu: matope, vumbi, mawe, mito inayopanda usiku. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, na yaliyofika ni 7 tu. Ya kwanza ilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, mkaaji wa Dar es Salaam, alishinda tena na 404, na mwaka 1968 ikashinda mara ya nne. Halafu ikafika zamu ya 504: mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na mwaka 1978 ile ya milango miwili yenye moteri ya V6, mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Kwa hiyo gari iliyokuwa inabeba mihogo yetu ni ndugu wa damu wa mabingwa.

Tuko na mifano miwili tunayoipenda zaidi. Wa kwanza ni Joginder Singh wa Kenya. Mwaka 1965 alishinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant, ndani ya Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya: ilikuwa okazyo, imekwisha kukimbia Safari mbele yao. Joginder alikuwa fundi. Alijua kila bulo ya gari yake.

Wa pili ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipofukuza Wahindi, familia yake ilikimbilia Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, mkimbizi huyo alishinda Safari na Datsun 240Z, gari ya sport kabisa: milango miwili, moteri ya silinda 6, pua ndefu. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, tangu 1979 mpaka 1982. Sisi tuliolala Nyarugusu tunasikia habari hiyo kwa sikio letu wenyewe.

Na magari yale hayakufa. Tangu 2003 kuna Safari ya magari ya zamani tu: Porsche 911, Ford Escort, Datsun, yaliyofufuliwa na kupelekwa tena kwenye vumbi. Mwaka 2011 ilishindwa na Björn Waldegård, mzee aliyezaliwa 1943, katika Porsche 911, mtoto wake Mathias akimsomea njia. Kwa nje, gari kama zile ni za miaka ya zamani. Ndani ziko na fremu ya chuma ya kulinda watu, mikanda ya nguvu, amortiseri za leo, bamba la chuma la kukinga tumbo la moteri. Kipya chote kimewekwa mahali pa kuokoa uhai. Sura haikuguswa.

Basi tukarudi Makobola, tukakwangua kiburi chetu, tukaanza upya. Huu ndio mpango tuliofuata mara ya pili.

Kwanza, mifupa

Maji ya ziwa letu si ya chumvi kama ya bahari, hiyo ni bahati. Kutu ya hapa inatoka kwa matope yaliyojificha: chini ya milango, nyuma ya magurudumu, chini ya tapi ya miguu. Chukua turnavisi, gonga pole pole kila mahali. Chuma kizima kinalia; chuma kilichooza kinanyamaza au kinatoboka. Kata mpaka ufike chuma kizima, ndipo uchomelee bamba jipya. Kujaza mastiki juu ya kutu ni kupaka mafuta juu ya kidonda.

Pili, freni

Tulipofungua freni zetu tulielewa. Fundi mmoja, jina tunaliacha, alikuwa amejazia mafuta ya moteri kwenye kopo la freni. Mafuta ya moteri yanavimbisha raba za ndani na kuziharibu. Kopo la freni linataka mafuta yake tu, yale yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4, kama kitabu cha gari kinavyosema. Na hata hayo yanakunywa maji ya hewani pole pole. Nyuma ya miaka miwili yabadilishwe. Mipira ya zamani nayo inaziba kwa ndani wakati kwa nje inaonekana mizima. Tulibadilisha yote: mipira, raba za pompe, plaketi.

Jambo moja kwa wachimbaji, ambao vumbi ya shimo wanaijua na kikohozi chake. Plaketi na viatu vya freni vya zamani vilitengenezwa mara nyingi na amianti, na vumbi yake inaua mapafu. Usiipulize na mdomo wala kompresa. Lowanisha, pangusa na kitambaa chenye maji, tupa kitambaa mbali na watoto.

Tatu, moteri na maji

Moteri iliyolala miaka mingi haipigwi demareri siku ya kwanza. Tulitoa bujie, tukamimina mafuta mepesi ndani ya kila silinda, tukangoja siku kadhaa, kisha tukaizungusha na mkono, pole pole. Siku ya sita ilikubali. Tungeilazimisha, tungevunja segma.

Radiateri tuliisafisha yote. Hapo tulijifunza pia kutojaza maji ya ziwa: yako na madini ndani yake, na yakichemka yanaacha gamba kama lile la sufuria ya chai. Maji safi ya batri, au ya mvua iliyochujwa vizuri, ni afadhali. 504 iko na ventilateri inayojishika yenyewe moteri ikipata joto na kujiachia ikipoa. Watu wengi wameifunga na waya ili izunguke siku nzima. Sisi tuliitengeneza ifanye kazi yake, juu ni akili ya waliounda gari.

Kipya kiingie bila kelele

Ndipo tukafika kwenye kuipa gari mambo ya leo. Vijana wa mtaa walikuwa na mashauri mengi: vioo vyeusi, bawa nyuma, honi ya lori, taa za bluu, magurudumu mapana. Tulijiuliza swali moja kwa kila kitu: je, kinasaidia gari kusimama, kuona, kuwaka, ao kulinda mtu? Kama jibu ni hapana, kinabaki sokoni.

Yaliyoingia ni haya. Mikanda ya kiti yenye pointi tatu, mbele na nyuma. Alumaji ya elektroniki mahali pa visi platine, kwa hiyo inawaka hata asubuhi ya mvua. Rele za taa, ili umeme mkali usipite tena ndani ya swichi ya zamani na kuichoma; fare zinatoa mwangaza mara mbili ya mbele, na lenzi ni zilezile. Amortiseri mpya. Pine mpya, saizi ileile ya kiwanda. Kopo dogo la kuzimia moto chini ya kiti. Na ndani ya kisanduku cha mbele, tundu la kuchaji simu ambalo hulioni mpaka ulifungue.

Yaliyobaki ni yale yaliyofanya gari iwe yenyewe: fare zile za pembe kama macho yanayoinuka, mgongo wa nyuma unaoshuka, fito ya vitesi kwenye volani. Radio ya baba ilikuwa imekufa. Tuliacha uso wake na vifungo vyake, tukaweka ndani mashine mpya. Ukiwasha, unafikiri bado ni yeye anayetafuta stesheni.

Rangi tuliipaka mwisho kabisa. Nyeupe ileile.

Makuta na uvumilivu

Kazi ilituchukua miaka miwili, juu hatukuwa na makuta ya pamoja. Kila tulipouza dhahabu kidogo, sehemu ilienda kwa chakula, sehemu kwa masomo ya watoto, na iliyobaki ikanunua kitu kimoja: leo pompe ya freni, kesho radiateri. Vyuma vilitoka Uvira, Bujumbura, vingine Kigoma kwa mashua. Tuliandika kila kitu kwenye kaye. Namna hiyo hakuna ndugu aliyemshuku ndugu.

Hatusemi kila mtu afufue gari ya zamani. Kama shasi imeoza katikati, ama kama watoto hawajalipiwa shule, iache. Lakini tunajua namna inavyoenda mgodini: mtu anapata, wiki ileile ananunua gari inayong'aa, wiki inayofuata anabeba ndani yake familia nzima. Ndugu mchimbaji, mbele ya kutoa makuta, washa moteri, kanyaga freni kwa nguvu, hesabu mpaka 60. Pedali ikishuka pole pole, pompe inavuja. Usiangalie rangi. Shusha bei ama rudi nyumbani.

Safari ya kwanza ya kweli tulimpeleka Mama Baraka. Alipofungwa mkanda alilalamika: "Sasa munanifunga kama mbuzi wa sikukuu?" Tulipofika kwenye ule mteremko, dereva wetu alianza kukanyaga mapema, na gari ikapunguza mwendo, pole pole, mpaka ikasimama kabisa karibu na mchanga wetu wa zamani. Mama hakujua kwa nini tumesimama pale. Aligeuka akaangalia ziwa, akasema baba pia alipenda kusimama hapa, kungoja moteri ipoe.

Tulimwachia afikiri hivyo.