Shilingi Inayofika Kwenye Dawati

Mwaka 1996, shule 25 za msingi katika wilaya za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, zilipewa vitabu vipya vya kiada bila kutoa hata senti. Mnunuzi alikuwa shirika moja la misaada la Kiholanzi. Shule hizo zilipatikana kwa kura kutoka kundi la shule 100, na zile ambazo zamu yao ilikuwa haijafika zikawa kipimo cha kulinganishia. Matokeo yalionekana kujulikana kabla hata ya mtihani, maana mzazi gani asiyeamini kwamba mtoto mwenye kitabu atamshinda asiye nacho?

Mitihani ikaja, ikasahihishwa. Wastani wa alama ulikuwa palepale.

Waliosogea mbele ni watoto waliokuwa wakiongoza darasa tangu zamani. Wengine hawakuambulia kitu, na sababu ilikuwa ndani ya vitabu vyenyewe: viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi wa huko baada ya ile ya nyumbani na Kiswahili. Mtoto alikuwa na kitabu mkononi lakini hakuweza kukisoma. Fedha zilikuwa zimetumika kwa uaminifu, vitabu vilifika, na bado fungu kubwa la darasa lilibaki lilipokuwa.

Mmoja wa watafiti waliofuatilia shule hizo alikuwa Michael Kremer, mchumi wa Kimarekani ambaye ujanani aliwahi kufundisha huko huko magharibi mwa Kenya. Mwaka 2019 alitunukiwa pamoja na wenzake wawili, Abhijit Banerjee na Esther Duflo, Tuzo ya Nobel ya uchumi, kwa njia hii ya kupima sera za kupunguza umaskini kama daktari anavyopima dawa: kundi moja linapewa, jingine linasubiri, kisha yanalinganishwa.

Na dawa ndiyo iliyofuata, dawa halisi. Kuanzia mwaka 1998, Kremer na Edward Miguel walifuatilia shule 75 za Busia ambako watoto walipewa vidonge vya minyoo na kichocho, kundi baada ya kundi. Utoro ulipungua kwa kiasi cha robo, kwa gharama isiyofika dola moja kwa mtoto kwa mwaka. Alama za mitihani hazikupanda, na mwaka 2015 wataalamu wa afya na wachumi walibishana vikali juu ya takwimu za utafiti huo. Hata hivyo Kenya iliufanya ugawaji wa vidonge hivyo shuleni kuwa mpango wa taifa, na ni vigumu kuitaja njia nyingine ya kumrudisha mtoto darasani kwa bei ndogo namna hiyo. Akisharudi, atakuta nini? Hapo ndipo penye kazi.

Kabla ya kufika hapo, kuna tatizo la zamani zaidi: fedha kutofika kabisa. Uganda inalijua vizuri. Katika miaka ya 1990 serikali ilikuwa ikitenga ruzuku kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na kwenye vitabu vya hazina kila kitu kilikuwa sawa. Wachumi Ritva Reinikka na Jakob Svensson walipokwenda kwenye shule 250 kuuliza zilipokea kiasi gani kati ya mwaka 1991 na 1995, walikuta kwamba kwa wastani ilifika asilimia 13 tu. Shule nyingi hazikuona chochote. Fedha nyingine zote ziliishia njiani, mikononi mwa ngazi za wilaya.

Serikali ya Uganda ilichukua hatua ambayo haikuhitaji bajeti kubwa. Ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi kilichopokelewa. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa ikifika. Wapo wanaosema sifa zote zisipewe magazeti, kwa kuwa katika miaka hiyo hiyo mfumo mzima wa malipo ulifanyiwa mageuzi. Hoja yao ina uzito. Lakini mwalimu mkuu anayejua alichostahili kupata ni mgumu kudanganywa, na mzazi anayejua ni mgumu zaidi.

Basi tuseme fedha zimefika, zote, kwa wakati. Je, watoto watajifunza? Jibu lililo wazi kuliko yote limetoka Tanzania.

Mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza liliendesha jaribio lililoitwa KiuFunza, yaani kiu ya kujifunza, katika shule za msingi 350 za wilaya 10. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule nyingine 70 hazikupewa ruzuku, ila walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la Kiswahili, Kiingereza au Hisabati. Shule 70 zilipata vyote viwili. Zilizobaki 140 ziliendelea kama kawaida.

Ruzuku peke yake haikubadilisha kitu. Shule zilinunua vifaa, sehemu ya fedha ikawekwa akiba, na baadhi ya wazazi walipunguza walichokuwa wakitoa mifukoni mwao, jambo ambalo yeyote aliyewahi kulipa michango ya shule ataelewa bila kuelezwa. Bonasi peke yake ilileta matokeo ya kusuasua. Mahali palipokuwa na vyote viwili, watoto walijifunza zaidi kwa kiasi kinachopita hata jumla ya mipango hiyo miwili ikitekelezwa mbalimbali. Vifaa vilikutana na mwalimu mwenye sababu ya kuvitumia.

Jambo hili ni gumu kwa wanasiasa. Darasa jipya lina utepe wa kukatwa, na dawati hupigwa picha. Kompyuta ni tamu zaidi: katika uchaguzi wa mwaka 2013, muungano wa Jubilee nchini Kenya uliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ahadi iligeuka kuwa vishikwambi, na kuanzia mwaka 2016 zaidi ya milioni moja viligawiwa. Peru ilikuwa imeshapita njia hiyo. Iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo mashuleni, na mwaka 2012 watafiti waliopima shule 319 wakatangaza kwamba hazikuongeza alama za hesabu wala za lugha.

Kenya yenyewe ilikuwa na ushahidi wake. Huko Kisumu, shule zilijaribiwa kwa njia tatu: vifaa vya kielektroniki vya kusomea kwa wanafunzi, vishikwambi kwa walimu, na vishikwambi kwa maafisa wanaozunguka kukagua ufundishaji. Tofauti ya matokeo kati ya njia hizo ilikuwa ndogo, ilhali tofauti ya gharama ilikuwa kubwa. Kumpa kifaa afisa mmoja anayehudumia shule kadhaa kulikuwa rahisi mno kuliko kuwapa watoto wote.

Somo hilo liliingia katika Tusome, mpango wa kusoma wa madarasa ya chini ya shule ya msingi ulioenezwa kwenye shule za umma kote Kenya kuanzia mwaka 2015 kwa msaada wa Marekani. Kila mtoto alipata kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza. Mwalimu alipata mwongozo wa kila siku unaoeleza somo la leo ni lipi na linafundishwaje. Afisa wa mtaala akapewa kishikwambi, akaingia darasani kusikiliza watoto wakisoma, kisha akakaa na mwalimu kumweleza alichokiona. Hakuna kipya cha kustaajabisha humo, na pengine ndiyo siri yake. Tathmini za mwanzo zilionyesha watoto wa darasa la pili wanaofikia kiwango cha kusoma kilichowekwa wakiongezeka karibu maradufu. Vitabu vilivyoshindwa Busia vilifaulu hapa, kwa sababu safari hii vililingana na mtoto na vilikuja na mtu wa kufuatilia.

Mtu wa kufuatilia. Hapo ndipo serikali zinapojikwaa. Jaribio jingine la Kenya liliajiri walimu wa mkataba, na shule ziligawiwa kwa kura: baadhi zikasimamiwa na shirika lisilo la kiserikali, nyingine na wizara yenyewe. Mpango ulikuwa ule ule. Kwenye shule za shirika, alama zilipanda. Kwenye shule za wizara, hazikupanda hata kidogo. Mishahara ilichelewa, usimamizi ulikuwa hafifu, na chama cha walimu kiliupinga mpango huo. Watetezi wa kila ubunifu mpya wa elimu wangepaswa kulitundika jaribio hili ofisini, maana linafaa kusomwa kabla ya kutangaza kwamba kilichofanikiwa katika shule 70 kitafanikiwa katika shule 20,000.

Tanzania ilipoondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, ilianza kutuma ruzuku moja kwa moja kwenye akaunti za shule, nayo ni hatua kubwa ukikumbuka yaliyotokea Uganda. Kwa shule ya msingi hesabu iliyowekwa wakati huo ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu. Mzazi anaweza kuipiga hesabu hiyo mwenyewe kwa idadi ya wanafunzi wa shule ya mwanawe. Kikao cha wazazi kikiitishwa, aende na kalamu, amuulize mwalimu mkuu mambo mawili: kiasi kilichopokelewa mwaka huu, na ni watoto wangapi wa darasa la tatu wanaoweza kusoma hadithi ya darasa la pili.