Shairi Halihitaji Shahidi

Masahibu wa hirimu moja, waliosoma pamoja na ambao mmoja wao amejaaliwa kipaji cha kutunga, wanapoazimia kufanya filamu fupi kutokana na shairi la mwenzao, aghalabu hunijia mimi niliye mhariri wa filamu na swali moja lililo lile lile, nalo huulizwa kwa taadhima, daftari mkononi: mshororo wa kwanza tuuonyeshe kwa picha gani, na wa pili kwa ipi, na wa tatu? Nimelijibu kwa upole muda mrefu. Upole umepungua, na kwa kuwa swali halikomi naona afadhali nilijibu hadharani, ili wajao waniulize jingine.

Mshororo hauonyeshwi. Dhana ya kuwa filamu ya shairi ni shairi lile lile lililotiwa macho, kila jina likapata picha yake ya kulitolea ushahidi, imeenea hata watu wenye akili timamu hutoka alfajiri na kamera kwenda kutafuta ua kwa sababu ubeti wa tatu umetaja ua. Na tuanze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Shairi la kaida lina mizani 16 katika mshororo na mishororo minne katika ubeti, yaani mizani 64. Msomaji mtulivu, asomaye mizani nne au tano kwa sekunde, ataumaliza ubeti kwa takriban sekunde 15. Ubeti huo tuseme umetaja vitu 12. Beti kumi zitataka picha 120 katika dakika mbili na nusu, kila moja ikikaa sekunde moja na robo, na mtazamaji maskini atatoka hapo kama mtu aliyefunuliwa albamu ya arusi ya watu asiowajua na mwenyeji mwenye haraka.

Lakini hesabu ndiyo hoja ndogo. Sikio linaposikia mti, kila msikilizaji hupanda mti wake, mmoja mkwaju wa utotoni, mwingine mti asiopata kuuona. Na pale kamera inapoleta mti, miti yote hiyo hukatwa papo hapo, ukabaki mwembe mmoja ulio nyuma ya nyumba ya mjomba wa mpiga picha, wenye kamba ya kuanikia nguo na mfuko wa plastiki ulionasa tawini. Mshairi alikuwa na miti elfu. Mmempa mmoja, tena wa jirani.

Fauka ya hayo, ushairi wetu wa pwani umelelewa katika fumbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga zama ambazo Wamazrui wa mji wake walikuwa wakishindana na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, na tungo zake nyingi zilisema jambo moja kwa sura ya jingine, aliyelengwa akafahamu na asiyehusika akaburudika. Malenga anapotaja jahazi ilhali akusudia nchi, mpiga picha akituletea jahazi ametuonyesha ganda, na akituletea bunge amelipasua fumbo mbele ya kadamnasi. Na katika hali zote mbili hapana kilichosalia kwa mtazamaji kukifumbua.

Wanaposikia hayo wenye daftari hukimbilia dawa ambayo imekwisha kupita mikono mingi, nayo ni hii: mawimbi kwa mwendo wa taratibu, mwanamke aliyejitanda khanga akiutazama upeo wa bahari, qanuni ya taarabu ikilia chini ya picha, na sauti nzito ya mwanamume ikilisoma shairi zima, tangu bismillahi hadi tamati. Dawa hii haiponyi kitu. Mwendo wa taratibu haukitii kitu maana, hukichelewesha tu. Qanuni humwamuru mtazamaji ahuzunike kabla hajapewa sababu ya huzuni. Na mawimbi hayo hayo yamekwisha kutumika katika mapenzi, katika mauti, na katika kuwahimiza raia kulipa kodi.

Na tuseme kweli kwa nini dhana hiyo haifi, hasa baina ya marafiki. Mtunzi ameketi hapo hapo mezani, ni mtu tuliyekula naye chumvi miaka mingi, na hapana mwenye ujasiri wa kumwambia kwamba ubeti wa nne, ambao aliutunga mwaka aliofiwa na mamaye, hauna kazi katika filamu. Picha kwa kila neno humwokoa kila mtu na aibu ya kuchagua: beti zote zimebaki, urafiki umebaki, filamu haipo. Naiita hiyo huruma iliyovaa kanzu ya sanaa.

Kuna masahibu waliofanya vingine. Mwaka 1928, mjini Paris, mshairi Robert Desnos alikuwa akijiandaa kwa safari ya Cuba, na Man Ray, Mmarekani mpiga picha, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba katika karamu ya kuagana alilisikia shairi la rafiki yake, akaiona filamu ndani yake, akamwahidi kwamba atakaporejea ataikuta tayari. Ikatoka L'Étoile de mer, filamu ya kiasi cha robo ya saa, ambamo maneno ya Desnos yamebakia katika maandishi machache tu baina ya picha. Na pale maandishi yanaposifu meno ya wanawake, picha iliyo jirani ni ya mwanamke ajifungaye soksi mguuni. Baina ya meno na soksi pana pengo, na pengo hilo ndilo mtazamaji analolijaza kwa mali yake mwenyewe. Sehemu kubwa ilipigwa kupitia kioo cha jelatini, sababu mojawapo ikiwa ni kuwakwepa wadhibiti, hata nyuso hazibainiki. Wala Desnos, ambaye mwenyewe ameonekana humo kwa kitambo, hakuidai haki ya kila ubeti.

Nitapingwa kwa filamu ya Night Mail ya Uingereza, ya mwaka 1936, ambamo mshairi W. H. Auden ataja gari la moshi la barua na gari lenyewe lapita machoni petu. Sikatai. Ila beti zile zilitungwa kwa ajili ya picha, zikafuatishwa mapigo ya magurudumu, na zinasikika katika dakika chache za mwisho wa filamu iliyozidi dakika 20. Kilichofunga beti na picha pamoja ni mwendo.

Mwendo wetu tunao, nao ni kibwagizo. Mrusi Lev Kuleshov, mwongozaji wa filamu, alisifiwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuonyesha kwamba uso mmoja usiobadilika, ukitanguliwa na sahani ya supu na kisha maiti, husomwa na watazamaji kwa hisia mbili tofauti. Kabla yake malenga wetu alikwisha kuurudisha mshororo ule ule mwishoni mwa kila ubeti, ukabeba maana mpya kila mara kwa sababu ya yaliyoutangulia. Tafuteni picha moja ya kurudi hivyo, na nusu ya kazi imekwisha.

Njia zilizosalia nitazitaja mbio. Lisomeni shairi lote huku picha zikifuata kisa kingine kabisa. Au mshororo mmoja mmoja uandikwe juu ya kioo. Au mhusika aseme ubeti mmoja kinywani mwake. Au pasisikike neno lolote, shairi likawa jina tu. Kisha mambo ya utendaji: sauti irekodiwe kabla ya kamera kutoka, chumbani penye mapazia na mazulia. Mtunzi aliye hai atie sahihi hati ya ruhusa hata kama ni ndugu yenu. Aliyefariki, sheria za hakimiliki, ya Tanzania Bara ya 1999 na ya Kenya ya 2001, zailinda kazi yake miaka 50 baada ya kifo, na nchi nyingi za Ulaya miaka 70. Muziki uliorekodiwa una wenyewe, mbali na shairi. Tanzania Bara hupigi filamu bila kibali cha Bodi ya Filamu. Mwenye neno la mwisho katika uhariri awe mmoja, aandikwe jina lake kabla ya siku ya kwanza, na mtunzi asikaribie meza ya uhariri mpaka mkato wa kwanza ukamilike. Mkiisha, itazameni yote pasipo sauti. Isipoeleweka hata kidogo, msinipigie simu kuniuliza muziki gani wa kuongeza.