Safari ya Namugongo kwa Mtoto Asiyekula Ngano



Kila mwaka, kabla ya Juni 3, mahujaji kutoka pande zetu za Kitale na Bungoma huenda Namugongo, Uganda, kwa miguu. Huko ndiko Charles Lwanga na wenzake walikochomwa moto mwaka 1886. Huenda kijana wako ana ugonjwa wa siliaki na anataka kwenda na kikundi cha parokia. Usimkataze. Mtayarishe.

Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni. Mwenye siliaki akiila, mwili wake hushambulia utumbo wake mwenyewe. Tumbo hufura, huhara, damu hupungua na mtoto hakui vizuri. Hata kipande cha chapati humdhuru. Na kuhara ukiwa safarini juani humaliza maji mwilini upesi.

Chakula kinachomfaa ni kile cha nyanya zetu: ugali wa mahindi, wimbi, mtama, githeri, wali, viazi vitamu, nduma, mihogo, ndizi, mayai na karanga. Akishavuka mpaka Malaba atapata matoke. Ajiepushe na mkate, mandazi, chapati, sambusa na biskuti, pamoja na roleksi ya Uganda, yaani mayai yaliyokunjwa ndani ya chapati.

Mfundishe kuuliza kabla ya kula:
1. Je, kimetiwa unga wa ngano?
2. Je, mafuta haya yamekaanga mandazi? Kama ndiyo, hata chipsi na mihogo ya hapo asile.

Mfungie karanga, unga wa wimbi wa uji, sufuria ndogo yake mwenyewe na pakiti za ORS. Ukienda posho mill, uliza kwanza kama mashine hiyo husaga ngano pia. Mweleze kiongozi wa kikundi hali ya mtoto.

Hostia nayo ni ya ngano. Zungumza na padri mapema. Kanisa Katoliki humruhusu mgonjwa wa siliaki kupokea divai peke yake, katika kikombe kisichotiwa kipande cha hostia.

Akihara, mpeni ORS. Akilegea, akitapika bila kukoma au akitoa choo chenye damu, mpelekeni kituo cha afya mara moja.

Nawe mama unayeshuku tu kwamba mtoto ana siliaki, usimwachishe ngano kabla ya kupimwa damu, kwani kipimo chaweza kukosa kuonyesha ugonjwa. Nenda hospitali kwanza.

Kumbuka: mtoto huyu anaweza kufika Namugongo. Hakikisha chakula chake kinatoka naye nyumbani.